Mzigo Usio na Mnyapara

Tuseme kuna faili la orodha ya kata za Manispaa ya Tabora. Safu ya kwanza ina jina la kata, ya pili tarehe ya taarifa, ya tatu namba ya simu ya ofisi. Vitu hivyo vimetenganishwa kwa mkato, mstari baada ya mstari, kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Kwenye mashine lilikotengenezwa, orodha imenyooka: Ipuli, Kidongo Chekundu, Tambuka Reli, Ng'ambo. Likitumwa kwa baruapepe na kubofywa mara mbili kwenye kompyuta nyingine, Ng'ambo inasomeka Ngâ€™ambo. Namba za simu zilizoanza na 07 sasa zinaanza na 7, na zile zilizoandikwa kwa 255 zote zimekuwa 2.56E+11. Tarehe 5 ya mwezi wa nane imehamia mwezi wa tano, lakini tarehe 23 imebaki pale pale. Kwenye mashine ya tatu, iliyopangwa kwa Kifaransa, safu zote tatu zimerundikana katika safu moja. Ipuli ndiyo iliyopita salama kila mahali: herufi 5 za kawaida, bila ritifaa, bila nafasi katikati, bila tarakimu.

Anayeliona faili hilo husema limeharibika, na mara nyingi huanza kulisahihisha kwa mkono, seli moja baada ya nyingine, kazi ya kutwa nzima. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba faili la namna hiyo, mara nyingi, halijaharibika hata kidogo. Baiti zake ni zilezile zilizotumwa. Kilichopotea ni makubaliano kati ya aliyeandika na anayesoma: alama ipi inatenganisha, herufi zimehifadhiwa kwa utaratibu upi, tarakimu hizi ni za kujumlisha au ni jina tu la mtu lililoandikwa kwa tarakimu. Makubaliano hayo hayakuwahi kuwamo ndani ya faili. Tabora, mji uliokuzwa na mizigo inayosafiri, ni mahali panapofaa kufuatilia jinsi makubaliano ya namna hiyo yalivyokuwa yakibebwa zamani, na jinsi yalivyokuja kuachwa njiani.

Kazeh: makubaliano yanatembea kwa miguu

Katikati ya karne ya 19 mahali hapa palijulikana kwa wasafiri kwa jina la Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe. Richard Burton na John Speke walipofika Novemba 1857 walikuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga matembe yao, pembe za ndovu zikishuka kwenda pwani, na nguo, shanga na nyaya zikipanda bara. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila 2, yaani karibu kilo 32. Nguo zilipimwa kwa mkono: mikono 4 ilikuwa shuka, mikono 8 ilikuwa doti. Lakini mkono huanzia kwenye kiwiko na kuishia kwenye ncha ya kidole cha kati, na watu hawalingani viungo. Doti ya mrefu na doti ya mfupi zilikuwa na jina moja na urefu tofauti. Shanga nazo zilikuwa na lugha yake: rangi iliyopokelewa kwa furaha katika nchi moja ilikataliwa katika nchi inayofuata, na msafara ulioijua njia vibaya ungeweza kufika Ujiji umebeba mali isiyonunua hata mtama.

Kwa sababu hiyo mzigo haukutumwa peke yake. Uliandamana na mnyapara, mkuu wa kikundi chake cha wapagazi, aliyejua bunda lipi ni la nguo za merikani na lipi la nguo za kaniki, lipi limepimwa kwa mkono wa nani, na lipi lisifunguliwe mpaka ng'ambo ya mto fulani. Bunda lenyewe halikusema lolote, kwa kuwa maana yake ilikuwa kichwani mwa mtu aliyetembea kando yake. Tukilifikiria hilo kwa makini, tutaona kwamba ubora wa utaratibu ule haukutokana na usahihi wa vipimo, maana vipimo vilikuwa legelege. Ulitokana na ukweli kwamba aliyejua namna ya kuusoma mzigo alifika pamoja nao.

Maandishi ya biashara yalikuwa katika hali hiyohiyo. Kiswahili cha wakati ule kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo haina irabu za e na o, na ambayo katika mazoea ya kawaida herufi moja, ba, iliweza kusimama badala ya b, p au mb. Aliyekijua Kiswahili alisoma bila kusita, na asiyekijua alikwama, hata kama Kiarabu alikimudu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamfahamu kwa jina la Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake kwa hati hiyo, na Mjerumani Heinrich Brode akazihamishia katika herufi za Kirumi na kuzichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Kazi ya Brode haikuwa kusahihisha maandishi yaliyoharibika. Ilikuwa kuyasoma kwa makubaliano yaleyale aliyoyatumia mwandishi, kisha kuyaandika upya kwa makubaliano mengine. Anayefungua leo faili la mtu mwingine anafanya kazi ileile, ajue asijue.

1904 hadi 1921: 3,500 ni ngapi?

Baada ya Mtemi Isike wa Unyanyembe kushindwa na Wajerumani mwanzoni mwa 1893, hesabu za Tabora ziliingia mikononi mwa makarani wa boma. Mageuzi mawili ya miaka iliyofuata yanatuhusu. La kwanza ni la fedha. Rupia ya Wajerumani ilikuwa na pesa 64 hadi 1904, na tangu hapo ikawa na heller 100. Rupia 3 na pesa 32 huandikwa katika safu mbili, moja ya rupia na moja ya pesa, kwa kuwa 64 haiingii katika mfumo wa makumi. Rupia 3 na heller 50 zinaweza kuandikwa kama namba moja yenye desimali. Hapo ndipo alama ndogo, ile inayokaa kati ya kizima na sehemu yake, ilipopata kazi kubwa katika daftari la Tabora.

La pili ni reli. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mnyapara akakosa kazi kwenye njia hiyo. Mzigo sasa ulipakiwa na mtu mmoja na kupokelewa na mwingine, na wawili hao hawakuwahi kuonana. Kilichochukua nafasi ya kumbukumbu ya mnyapara ni fomu iliyochapwa. Mistari ya wima ilitenganisha safu, na kichwa cha kila safu kilisema kinachotakiwa chini yake: aina ya bidhaa, idadi, uzito. Karani angeweza kukosea hesabu, lakini isingewezekana uzito ukasomwa kama tarehe, kwa sababu karatasi yenyewe ilikataa. Makubaliano yalikuwa yametoka kichwani mwa mtu na kuingia kwenye wino wa mpiga chapa, na yalisafiri na mzigo kwa uaminifu uleule.

Kisha vita vikauonyesha mji huu jambo ambalo ni miji michache iliyoliona kwa muda mfupi kiasi hicho. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na wamekosa sarafu, walipiga fedha zao katika karakana ya reli hapahapa Tabora, zikiwemo zile za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakauteka mji. Baadaye wakaupokea Waingereza, na mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100. Sasa tuiangalie namba moja, 3,500. Kwa mazoea ya Mjerumani hiyo ni tatu na nusu. Kwa Mbelgiji vilevile, kwa kuwa wote wawili huweka mkato mbele ya desimali. Kwa Mwingereza ni elfu tatu na mia tano. Namba ileile, daftari lilelile, mji uleule, na tofauti ya mara elfu moja, bila kosa la mwandishi wala la msomaji.

Mpaka huo wa alama haukufutika na vita. Ulibaki pale Wabelgiji walipobaki. Tanzania, Kenya na Uganda zikarithi nukta ya Mwingereza, na Kongo na Burundi zikarithi mkato. Leo, kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa hutumia mkato kwa desimali, na kwa sababu alama moja haiwezi kufanya kazi mbili bila kuchanganya, hutumia nukta mkato kutenganisha safu. Faili lililotoka Bujumbura lenye nukta mkato, likibofywa Tabora, hurundikana katika safu moja. Faili la Tabora lenye mikato, likibofywa Bukavu, hufanya hivyohivyo. Wengi hudhani hilo ni hitilafu ya programu. Ukweli ni kwamba ni urithi wa ukoloni unaoonekana kwa macho kwenye kioo cha kompyuta, na unafuata karibu mstari uleule wa mpaka.

Ritifaa

Kiswahili cha hati ya Kirumi kilifika katika tahajia yake sanifu kupitia kazi ya wamisionari na, tangu 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Matokeo yake yalikuwa ya bahati njema kuliko mtu yeyote alivyoweza kujua wakati ule. Lugha nyingi za dunia zinahitaji nukta juu ya herufi, vikofia na mikia. Kiswahili hakihitaji. Mwaka 1963 Wamarekani walipoweka utaratibu wa ASCII, wenye nafasi 128 tu, Kiswahili kizima kilienea ndani yake, na hata leo sentensi za Kiswahili hupita kwenye mashine ambazo zinararua Kifaransa na Kivietinamu.

Isipokuwa kwa alama moja. Ritifaa ya ng' ndiyo inayotofautisha sauti ya ng'ombe na ya ngoma, na katika nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma, ambako majina mengi huanza na Ng'w, haiwezi kuachwa. Ritifaa iliyonyooka imo ndani ya ASCII. Lakini programu za kuandikia barua, na simu nyingi, huibadilisha kimyakimya kuwa ritifaa iliyopinda, kwa kuwa inapendeza kwenye karatasi. Hiyo iliyopinda haimo ndani ya ASCII. Katika UTF-8, utaratibu uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992 na ambao sasa unatawala intaneti, inahifadhiwa kwa baiti 3. Programu inayodhani kwamba faili limeandikwa kwa utaratibu wa zamani wa Windows huzisoma baiti hizo moja moja, kila moja kama herufi yake: â, kisha €, kisha ™. Kwa hiyo Ngâ€™ambo ni neno kamili. Hakuna kilichopungua ndani yake. Limesomwa na mtu asiyejua hati yake, kama Mwarabu asiyejua Kiswahili aliyekabidhiwa barua ya Kazeh.

1972 hadi 1983: mkato unashinda

Kabla ya mkato, data za kompyuta zilipigwa matundu kwenye kadi, na kila safu ilikuwa na nafasi yake maalumu: jina kuanzia tundu la 1 hadi la 20, kiasi kuanzia la 21. Ulikuwa ni utaratibu wa fomu ya reli, na ulikuwa na ukali wake, kwa sababu herufi moja ikisogea, kadi nzima inasomeka vibaya. Mwaka 1972 IBM iliruhusu katika lugha yake ya Fortran orodha zilizotenganishwa kwa mkato tu, bila kuhesabu nafasi. Wapigaji kadi walizipenda kwa sababu ya wazi: hazikuvunjika kirahisi. Mwaka 1979 ikaja VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston, lahajedwali la kwanza kuenea kwenye kompyuta ndogo, na kufikia 1983 jina la CSV, yaani data zilizotenganishwa kwa mkato, lilikuwa limeshaingia kwenye vitabu vya maelekezo.

Huu ndio mgeuko mkuu wa historia hii. Faili la mkato lilikuwa jepesi kwa sababu lilitupa mistari ya wima na kubakiza vitu vyenyewe. Mstari wa kwanza waweza kubeba majina ya safu, lakini hakuna mahali pa kuandika kwamba safu ya tatu ni maandishi, kwamba desimali ni nukta, kwamba herufi ni za UTF-8. Njia nyingine ilikuwepo. ASCII ilikuwa na alama 4 maalumu, za namba 28 hadi 31, zilizowekwa kwa ajili ya kutenganisha data tu. Zingetumika, mkato ulio ndani ya anwani au ndani ya 61,741,120, idadi ya Watanzania katika Sensa ya 2022, usingeweza kamwe kudhaniwa kuwa ukuta wa safu. Lakini alama hizo hazionekani kwenye kioo wala hazina kitufe kwenye kibodi, na mtu wa kawaida hatumii asichokiona. Mkato ukashinda kwa kuwa ulikuwa chini ya kidole.

Tanzania haikuwepo kwenye mjadala huo. Kompyuta ya kwanza iliingia nchini mwaka 1965, Wizara ya Fedha, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Mtu anaweza kupinga kwamba hilo halina uzito hapa: Kenya haikuwa na marufuku, na haikuulizwa mkato uwekwe wapi. Pingamizi hilo ni la haki, na sidai kwamba marufuku yalibadilisha kanuni za dunia. Athari yake ilikuwa kwa watu. Kizazi cha makarani kilichotumia kadi na kuona kwa macho namna data inavyokaa ndani ya mashine hakikutokea kwa wingi nchini. Kompyuta zilipoanza kuenea maofisini katika miaka ya 1990, zilikuja na madirisha, na zilikuja na mipangilio iliyokwisha kuamuliwa na wengine. Mtu alifundishwa kubofya mara mbili, na hakuambiwa kwamba kubofya huko ni kuiruhusu programu ikisie kwa niaba yake.

Programu inayokisia

Excel ilitoka mwaka 1985 kwa ajili ya Macintosh na mwaka 1987 kwa ajili ya Windows. Mbele ya faili lisilo na maelezo, ilibidi ikisie, na makisio yake yaliwekwa kwa kumfikiria mhasibu: chochote kinachofanana na namba ni namba, chochote kinachofanana na tarehe ni tarehe. Kwa mhasibu, 007 ni 7, na sifuri za mbele hazina faida. Kanuni hiyo ina mantiki. Madhara yanaanza pale tarakimu zinapotumika kama jina. Mwaka 2005 Yakov Shafranovich aliandika waraka unaojulikana kama RFC 4180, unaoeleza mazoea ya kawaida ya CSV: chenye mkato ndani yake kifungwe kwa alama za mtajo, na alama ya mtajo iliyo ndani iandikwe mara mbili. Ni waraka wenye msaada mkubwa, lakini ulikuja miaka zaidi ya 30 baada ya mazoea yenyewe, na hata wenyewe haujiiti kanuni.

Maisha ya Tanzania ya miaka hiyohiyo yalikuwa yakijaa tarakimu za aina ambayo mhasibu wa Excel hakuitarajia. Namba ya simu ilikuwa inakuwa anwani, kisha, tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, ikawa pia akaunti ya fedha. Kisha ikaja namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na katika usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ikawa karibu kila mtu mzima anahitaji kuwa nayo. Namba hiyo ina tarakimu 20: 8 za tarehe ya kuzaliwa, kisha 5, kisha 5, kisha 2. Ikiandikwa na vistari vyake, programu huiona kuwa maandishi na kuiacha. Ikiandikwa bila vistari, huiona kuwa namba, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Zile 5 za mwisho hugeuka sifuri. Watu wawili waliozaliwa siku moja, ambao kundi lao la pili la tarakimu ni sawa, na la tatu linaanza kwa tarakimu zilezile, wanakuwa mtu mmoja. Ni hapa ninapoona kwamba jambo hili si la mafundi peke yao. Katika orodha ya malipo au ya matibabu, mtu aliyeunganishwa na mwingine kwa njia hiyo hapati taarifa. Anaambiwa tu kwamba hayumo.

Ulimwengu mpana haukusalimika. Wanasayansi wa vinasaba walichoka kuona jeni iitwayo MARCH1 ikigeuka kuwa tarehe 1 Machi, na mwaka 2020 kamati yao ya majina ikaziita upya jeni hizo, MARCH1 ikawa MARCHF1. Mwaka huohuo Uingereza ilipoteza kwa siku kadhaa taarifa za wagonjwa 15,841 wa COVID-19, kwa sababu mafaili ya CSV kutoka maabara yalihamishiwa katika aina ya zamani ya faili la Excel isiyopokea zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi haikuleta kelele yoyote. Haikuingia tu.

Kulisoma upya

Basi turudi kwenye orodha ya kata. Kwa kuwa baiti zake ni nzima, hatua ya kwanza ni kuepuka kitendo kimoja: kuhifadhi. Kulifungua faili vibaya hakudhuru chochote. Kulifungua vibaya kisha kubonyeza kitufe cha kuhifadhi kunaandika makisio juu ya ukweli, na zile simu zilizofupishwa kuwa 2.56E+11 hazirudi tena, kwa kuwa tarakimu zake za mwisho hazimo tena popote ndani ya faili. Faili lifungwe bila kuhifadhiwa, na nakala yake iwekwe pembeni.

Hatua ya pili ni kulitazama likiwa uchi, kwenye programu nyepesi ya maandishi kama Notepad. Hapo mkato unaonekana kuwa mkato na nukta mkato kuwa nukta mkato, sifuri za mbele zote zipo, na kwenye matoleo ya karibuni ya Windows utaratibu wa herufi umeandikwa chini ya dirisha. Ndipo lahajedwali lifunguliwe tupu, na faili liletwe kupitia menyu ya Data, kwenye njia ya kuingiza data kutoka faili la maandishi. Dirisha litakalotokea linauliza maswali yaleyale ambayo mnyapara angejibu. Faili limetoka katika hati ipi: chagua 65001, namba ambayo Windows huipa UTF-8. Kitenganishi ni kipi: mkato. Aina za data zitambuliwe: hapana, kisha safu ya simu, na ya NIDA kama ipo, itajwe kuwa maandishi. LibreOffice Calc huuliza maswali hayo kila mara inapofungua CSV, na kwa maoni yangu hiyo ni adabu iliyo bora kuliko wepesi wa kukisia.

Tarehe zinahitaji jicho. Sensa ilifanyika tarehe 23/8/2022. Mashine iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani, inayotanguliza mwezi, haiwezi kupata mwezi wa 23, hivyo inaiacha tarehe hiyo kama maandishi, imeegemea kushoto mwa seli. Tarehe 5/8/2022 inaikubali kwa furaha kama tarehe 8 Mei, na kuiegemeza kulia. Safu ambayo nusu yake imeegemea kushoto na nusu kulia inakiri yenyewe kilichoipata, na zilizoegemea kulia, zile zinazoonekana nzima, ndizo zilizopotoka. Dawa ya kudumu ni kuandika mwaka kwanza, 2022-08-23, mtindo ambao hausomeki kwa namna mbili.

Kuna watakaosema: kwa nini taabu yote hii, si tutumiane mafaili ya Excel yenyewe? Kwa ofisi mbili zenye programu moja ya toleo moja, wanasema kweli, na sioni sababu ya kuwazuia. Lakini mifumo inayotoa data kwa wingi, kama DHIS2 ya taarifa za afya, mitandao ya simu na benki, inazungumza na mashine za kila aina, na maandishi matupu ndiyo lugha ambayo hakuna kampuni inayoimiliki. Faili la maandishi la 1983 bado linasomeka leo. Wengine watasema kosa ni la programu, iache kukisia. Wako karibu na ukweli: mwaka 2023 Microsoft iliongeza mipangilio ya kuzima baadhi ya mageuzi hayo ya kulazimisha, jambo lililopaswa kufanyika miaka mingi kabla. Lakini kuzima makisio kunaokoa vitu kama sifuri za mbele na tarakimu za namba ndefu tu. Hakuwezi kuiambia mashine kama 3,500 iliandikwa Tabora au Bujumbura, kwa kuwa jibu halimo ndani ya 3,500.

Jibu hilo lazima litoke kwa aliyeandika. Ofisi inayotuma orodha ya kata zake inaweza kuambatanisha faili la pili, dogo, lenye mistari michache ya Kiswahili cha kawaida: herufi ni UTF-8, safu zimetenganishwa kwa mkato, desimali ni nukta, tarehe zimeanza na mwaka, safu ya tatu ni namba za simu, zisomwe kama maandishi, mistari iko mingapi, ukiacha wa vichwa. Mpokeaji anahesabu mistari yake, anaangalia kama Ng'ambo ina ritifaa, anaangalia kama namba ya simu iliyo mbele ya Ipuli ina tarakimu 10, na kazi inaendelea.